Jina la Kumi

Alhamisi asubuhi Nadège aliingia darasani, akaliona jina lake ubaoni likiwa na tisa mbele yake, na hasira ikampanda kabla hajasalimia mtu. Mwalimu Déogratias alikuwa ameandika kwa chaki majina ya wanafunzi wake wanne, na mbele ya kila jina idadi ya matunda. Matunda ndivyo walivyoitwa watu waliookolewa na mwanafunzi. Jacques alikuwa na kumi na manne. Wale wengine wawili walikuwa na kumi na moja kila mmoja. Nadège, aliyeongoza kila mtihani tangu darasa lao lianze mwezi wa tano, alikuwa na tisa.

Sheria ya shule ile ya wamisionari pale Baraka, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, ilikuwa fupi. Asiye na matunda kumi havuki ziwa. Na kwa kuwa safari hii wanafunzi walikuwa wanapelekwa Lindi, pwani ya Tanzania, ambako misikiti ni mingi, Mwalimu alikuwa ameongeza sharti jingine: tunda moja kati ya kumi litoke msikitini, ili wakubwa wa kanisa waamini kwamba mtu huyu ataiweza kazi. Boti ya Kigoma ilikuwa ya Jumatatu. Ibada ya kuwaaga ilikuwa Jumapili. Karatasi za majina zilitakiwa jioni ileile ya Alhamisi.

Nadège alinyoosha mkono, akauliza kama alama za mitihani hazina kazi yoyote. Mwalimu alipangusa chaki vidoleni, akamtazama kwa ule upole wake uliokuwa mbaya kuliko fimbo.

"Mutoto wangu," akasema, "mwenye hana kumi, hana wito. Mungu hadanganyake."

Mungu hadanganyi, kweli. Lakini ubao ule ulidanganya kuanzia juu hadi chini, na kila aliyekuwa ndani ya chumba kile alilijua hilo. Tunda la msikitini la Jacques lilikuwa Lukmani, kijana wa pikipiki, ambaye aliokoka kila mwaka. Kila darasa lilipofika wiki zake za mwisho, Lukmani aliokoka, akapigiwa ngoma, akala wali wa kanisa, na Ijumaa iliyofuata akaonekana msikitini safu ya mbele. Mwaka huu Jacques ndiye aliyemwahi. Na yale matunda mengine, ya Nadège na ya wenzake, karibu yote yalichumwa Lusenda, kwenye kambi ya wakimbizi wa Burundi, ambako wanafunzi walipelekwa kufanya mazoezi. Warundi wale walikuwa wakiimba nyimbo za injili kabla Nadège hajazaliwa. Kuna bibi mmoja aliyekuwa mzee wa kanisa kwao kwa miaka ishirini; Nadège alipomaliza kumwombea, bibi naye alimwombea yeye, tena kwa muda mrefu zaidi na kwa maneno mazuri zaidi. Nadège alimwandika kuwa tunda la tano.

Kwa hiyo alikuwa na hasira na ubao, na hasira na Mwalimu, na hasira na Jacques aliyekuwa akichezea kalamu huku akitabasamu. Na chini ya hasira zote hizo kulikuwa na woga. Mji wote wa kwao, Fizi, ulikuwa umekwisha kumuaga. Aliacha kazi ya kufundisha shule ya msingi kule milimani. Mama yake, mama Dorothée, alishonewa nguo na akina mama wa parokia kwa sababu ya kuzaa mmisionari. Kwaya ilitunga wimbo wenye jina lake. Walichinja mbuzi. Mtu aliyekwisha kuagwa kwa mbuzi hawezi kupanda tena kile kilima na sanduku lake kichwani na kusema jamani nimerudi, nilikosa mtu mmoja.

Jioni alirudi nyumbani kwa Mama Riziki na karatasi yake ikiwa na nafasi moja wazi.

Hapa inabidi niseme jambo juu ya nyumba hiyo, maana bila hilo hutaelewa ubaya wa kilichofuata. Shule ilikuwa na bweni la wavulana tu. Nadège alipofika kutoka Fizi hakuwa na pa kulala, na Mama Riziki, mjane wa Kiislamu aliyekaanga ndagala, wale dagaa wa ziwani, kando ya barabara karibu na soko, ndiye aliyesema huyu mtoto hawezi kulala kwenye benchi la kanisa, alete sanduku lake kwangu. Hakuuliza anasali wapi. Alimpa chumba kimoja na bintiye Nuru, na kwa miezi sita Nadège alikula kwenye sinia moja nao. Sikukuu ya kuchinja, kipande cha ini aliwekewa yeye, kwa sababu alisema siku moja kwamba anapenda ini.

Wiki mbili kabla ya Alhamisi ile, Nuru alishikwa na malaria kali. Alikuwa amechumbiwa, nikaha yake ilikuwa imepangwa, na pale alikuwa anatetemeka kitandani na kusema maneno yasiyoeleweka. Baada ya sindano ya kwanza Nadège aliomba ruhusa amwombee. Mama Riziki akasema omba. Nadège akapiga magoti, akaomba kwa jina la Yesu, akalia, na alipomaliza Mama Riziki alisema "Amina." Ni hilo tu. Baraka ndivyo ilivyo. Mwislamu akimwombea mgonjwa wako dua, unaitikia amina. Mkristo akiombea chakula mezani na wewe umekaribishwa, unaitikia amina. Kwenye msiba watu husimama pamoja makaburini, anayejua anasoma, na wote wanaitikia. Hakuna mtu aliyezaliwa kando ya ziwa lile ambaye amewahi kudhani kwamba amina ya jirani ni kubadili dini. Ni heshima, kama vile kuvua viatu mlangoni.

Nadège alilijua hilo. Namuonea huruma kidogo, lakini siwezi kusema hakujua. Alikaa ukingoni mwa kitanda, karatasi juu ya goti, akajiambia kwamba yule mama alisema amina kwa jina la Yesu, na masikio yake yalisikia. Akajiambia kwamba karatasi itafungiwa kabatini na panya ndio watakaoisoma. Nje, Mama Riziki alikuwa akimwita aje ale kabla chakula hakijapoa. Nadège akaandika kwenye nafasi ya kumi: Riziki, mjane, muuza ndagala, wa msikitini. Kisha akatoka, akala.

Jioni ileile karatasi ikafika kwa Mwalimu, na Ijumaa ikapita kimya. Jina lake ubaoni lilipata kumi. Mwalimu alimshika mkono mbele ya wenzake, na Nadège alifurahi kweli, usiniambie hakufurahi.

Jumamosi saa nne asubuhi alikuwa uani akipiga pasi ya makaa kwenye gauni jeupe la kuagiwa. Jirani alikuwa amefungua redio, na redio ilikuwa imefika kwenye saa ya kanisa, ambayo Mwalimu Déogratias huiendesha mwenyewe kila Jumamosi. Alikuwa akiwaalika watu kwenye ibada ya kesho. Akasema mavuno ya mwaka huu ni makubwa, akasema atasoma majina, na Nadège akasimama na pasi mkononi. Yalisomwa ya Jacques. Yalisomwa ya wale wengine. Likaja lake, na matunda yake moja moja, na la mwisho Mwalimu alilipandishia sauti: Mama Riziki, mjane, anayeuza ndagala pale sokoni, kila mtu anamjua, ameacha giza la msikitini na kuingia nuruni. Pasi ilikuwa imetulia juu ya gauni. Nadège aliinyanyua wakati harufu ya kuungua ilipomfikia.

Kwenye meza yake ya kukaangia, Mama Riziki alikuwa na wateja watano wakati jina lake liliposomwa. Wawili walikuwa wanawake anaosali nao. Waliweka vibakuli vyao chini, wakaondoka bila ndagala.

Alirudi nyumbani kabla ya adhuhuri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku za mvua. Alimkuta Nadège amekaa kwenye kigoda na gauni lililoungua mapajani. Hakupiga kelele. Nadège alikuwa amejiandaa kwa kelele, si kwa ile sauti ya chini.

"Ni weye ulibapatia jina yangu?"

Nadège alisema ni yeye. Akaanza kusema mambo mengi kwa haraka, kwamba ni sheria ya shule, kwamba alidhani haitasomwa, kwamba alikosa mmoja tu. Mwisho akasema lile ambalo asingelisema kama angekuwa na akili timamu siku ile. Alisema, "Lakini, mama, ile siku ya Nuru ulisema amina."

Mama Riziki alilichukua lile gauni mapajani pake, akalitundika kambani.

"Nilisema amina sababu mutoto wangu alikuwa anawaka moto na weye ulikuwa unalia," akasema. "Ningenyamaza, ungeona haya. Nilikuwa nakuheshimu, Nadège. Ile heshima ndo umeenda kuniuzisha nayo?"

Akaingia ndani. Kabla ya saa tisa akaja shemeji yake, Jafari, ndugu mkubwa wa marehemu mumewe. Jafari ndiye aliyekuwa asimame walii wa Nuru siku ya nikaha, Ijumaa inayokuja. Alikataa kuketi. Alisema, mlangoni, kwa sauti ambayo majirani waliisikia vizuri, kwamba hatasimama kuozesha mtoto kutoka nyumba ambayo haijui inasali wapi, na kwamba baba yake Shukuru, bwana harusi, amekwisha kumtumia ujumbe akitaka maelezo. Mama Riziki alisema ni uongo. Jafari akasema uongo wa nani, redio imesema, mji mzima umesikia, na huyo mmisionari si analala ndani mwako? Moshi hautoki bila moto. Akaondoka. Nuru alikuwa nyuma ya pazia, na Nadège alimsikia akilia kwa namna ya mtu aliyeziba mdomo kwa nguo.

Ndipo Mama Riziki akamrudia Nadège na kumpa sharti lake, na lilikuwa fupi kuliko la shule.

"Utaenda kusema kwenye ulisemea," alisema. "Batu balisikia uongo, basikie na kweli. Mbele ya Ijumaa kufika."

Nadège alikwenda kwa Mwalimu Déogratias karibu mbio. Alimkuta ofisini akipanga barua za utume, zile zenye mhuri ambazo kila mmisionari hupewa aende nazo. Akamweleza yote. Alitazamia kwamba atakasirika. Afadhali angekasirika. Mwalimu alisikiliza huku akigonga kingo za barua mezani zilingane, kisha akasema haya mambo hutokea, na mtumishi wa Mungu hujifunza kunyamaza. Redio itarudi Jumamosi ijayo, kipindi hakifunguliwi kwa ajili ya mtu mmoja. Jumamosi ijayo ni baada ya Ijumaa, Nadège akasema. Mwalimu akasema anajua kalenda.

"Jumatatu uko juu ya maji," akasema. "Bale benyewe batatengeneza mambo yabo. Na nani anajua, labda ile ni mbegu. Usiing'oe."

Nadège alitoka pale na neno moja kichwani. Mbegu. Yule mama hakupandwa kitu, aliibiwa, na mwizi alikuwa yeye, na sasa mwenye shule anaibariki ile mali. Alitembea barabara ya soko akizungumza peke yake kama mwehu. Akaiona meza ya Mama Riziki, mafuta yamepoa kwenye karai, inzi juu ya ndagala, hakuna mtu. Akaamua kwamba kesho, mbele ya kanisa zima, atasema. Wakimnyima barua, wamnyime.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Nadège alivaa kitenge cha kuazima, kwa kuwa gauni lilikuwa na alama ya pasi kifuani. Desturi ya kanisa lile ni kwamba mmisionari husimama, matunda yake yanatajwa, na kila aliyetajwa husimama naye, asiyekuwepo, watu humwitikia "yuko njiani." Lilipotajwa jina la Mama Riziki, kanisa zima likaitikia kwa furaha kwamba yuko njiani. Nadège akachukua kipaza sauti.

Alisema vizuri. Sitamnyima haki yake. Alisema Mama Riziki hayuko njiani, hajawahi kuwa njiani, ni Mwislamu tangu tumboni mwa mama yake na atakufa hivyo. Alisema aliandika uongo ili apate kuvuka ziwa. Alisema na wale tisa wa Lusenda walikuwa Wakristo kabla yake. Alisema anaomba msamaha. Akaona nyuso za watu zimeganda, vinywa wazi, akafikiri sasa nitazomewa, na alikuwa tayari, karibu alikuwa anatamani.

Mwalimu Déogratias alimpokea kipaza sauti kwa mkono laini. Machozi yalikuwa yanamtoka, na mimi siamini yalikuwa ya uongo. Huyo ndiye mtu wa hatari, anayelia kweli. Akawauliza watu kama wameuona unyenyekevu. Akasema ni nani kati yenu angeweza kujishusha namna hii mbele ya watu? Akasema huyu ndiye mmisionari, na Lindi imepata mtu. Mama mmoja akapiga kigelegele. Wa pili akamfuata. Kinanda kikaingia, ngoma zikaingia, kanisa likasimama na kucheza, watu wakamkumbatia Nadège mmoja baada ya mwingine wakimwambia ushuhuda wako umetugusa. Jacques alimkumbatia. Mzee mmoja alimwambia arudie maneno hayohayo kule Lindi, yatafaa.

Waliupigia makofi uongo wake! Aliwaletea kidonda nao wakakivisha shada. Nadège alisimama katikati ya ngoma zile akiwa na hasira ambayo hajawahi kuwa nayo maishani, na aliyoweza kuielewa vizuri: hakuna hata mmoja katika kanisa lile aliyeuliza Mama Riziki ni nani na sasa anaendeleaje. Wala hakuna hata mmoja kati ya wale waliopaswa kusikia aliyekuwa mle ndani. Jafari hakuwa mle. Baba yake Shukuru hakuwa mle.

Akapenya katikati ya wachezaji, akatoka.

Alimkuta Mama Riziki uani akifua. Akamwambia amesema kanisani, na kwamba haikufaa kitu. Mama Riziki akasema alijua haitafaa. Kwani sisi tunasali kule? Nadège akaomba apelekwe kwa Jafari. Mama Riziki akakausha mikono, akajitanda ushungi wake mweusi, akatangulia.

Nyumba ya Jafari, mwenye boti mbili, ilikuwa na baraza pana. Walikuwako yeye, wazee wawili wa msikitini na baba yake Shukuru, kwa maana jambo lenyewe walikuwa wanalizungumza. Nadège alivua viatu, akaketi kwenye jamvi chini, wao viti juu. Hapo hakukuwa na kinanda. Alisema jambo lake kwa maneno machache, akasikia jinsi linavyosikika likisemwa bila muziki: nilikaa nyumbani mwake miezi sita, nilikula chakula chake, nikamwandikia uongo. Mama huyu hajawahi kuniambia neno lolote la kuacha dini. Aliniitikia amina kwa mgonjwa wake.

Jafari alimuuliza kama ametumwa na Mama Riziki kusema hivyo. Akasema la, amejileta. Jafari akauliza, na wale wengine tisa waliosomwa redioni?

"Bale balikuwa bakristo zamani, baba," Nadège akasema. "Bote."

Mzee mmoja akaguna. Mwingine akacheka, na baba yake Shukuru naye akaanza kucheka, akicheka mabega yanapanda na kushuka, na hata Jafari akaziba mdomo kwa kiganja. Mkristo kumuokoa Mkristo! Walicheka kwa dakika nzima, na Nadège alikaa pale chini, macho kwenye jamvi, masikio yakimwaka. Kanisani angevumilia kuzomewa. Kicheko hiki kilikuwa kibaya zaidi, kwa kuwa kilikuwa cha haki.

Kisha baba yake Shukuru akajifuta macho, akasema kwake yameisha, mtoto anaoa nyumba yenye heshima na mwenye uongo amejulikana. Jafari akasema Ijumaa atasimama. Akamgeukia shemeji yake, akamwomba radhi kwa yale ya mlangoni, na Mama Riziki akaitikia kwa kichwa tu, maana naye alikuwa na hasira zake na Jafari, na hizo zingesubiri siku yake.

Njiani kurudi walitembea mmoja mbele mmoja nyuma. Karibu na nyumbani Nadège akasema, kwa sauti ndogo, kwamba anaomba msamaha. Mama Riziki hakusimama. Alisema kosa la mtoto mtu anaweza kusamehe, na labda siku moja atasamehe, lakini leo moyo wake hauna nafasi, na asiulizwe tena. Akasema chakula kipo jikoni. Akasema asubuhi mapema atoe sanduku lake, kwa sababu chumba kinatakiwa kwa wageni wa harusi.

"Na boti, mama?" Nadège akauliza. "Nisiende?"

Hapo Mama Riziki alisimama, akageuka. Uso wake haukuwa mkali. Ulikuwa umechoka.

"Wende tu," akasema. "Kule habakujui."

Maneno manne. Nadège aliyalalia akiwa macho wazi. Nuru, kitanda cha pili, alikuwa amemgeuzia mgongo.

Jumatatu alfajiri alikuwa ufukweni na sanduku lake. Boti ilikuwa inapakiwa magunia, wenzake watatu wamekwisha panda, na Jacques alikuwa akimpungia mkono ili aharakishe. Mwalimu Déogratias alikuja kwake na barua ya utume ndani ya bahasha. Nadège akaifungua palepale, jambo lisilo la adabu, akaisoma kwa mwanga wa simu. Ilisema yeye ni mwaminifu, amejaribiwa, amezaa matunda kumi. Jina la Mama Riziki lilikuwa limeondolewa kwenye orodha iliyoambatanishwa. Mahali pake kulikuwa na jina jipya la mtu ambaye Nadège hajawahi kumsikia.

Alimuuliza Mwalimu huyu ni nani. Mwalimu akasema asijali, panda, watu wanakungoja.

Na ni kweli walikuwa wanamngoja. Kule ng'ambo kulikuwa na nyumba imekwisha kupangwa, kanisa dogo, watoto wa kufundisha. Alikuwa ameiota safari hii tangu ana miaka kumi na minne. Angefika, angeitoa barua hii, wangeisoma na kumpa kiti, na wangemwamini kila neno, kwa sababu wasingekuwa na sababu ya kutomwamini. Mama fulani wa pwani angemfungulia mlango, angemwekea chakula. Nadège aliliona hilo wazi sana, mpaka mkono wa yule mama ukifunika sahani. Akaikunja barua, akairudisha kwenye bahasha, akamkabidhi Mwalimu.

"Hii iko ya muntu mwingine," akasema. "Mi siko huyu."

Mwalimu alimwambia, sasa bila upole, kwamba anaitupa neema, kwamba kanisa limemtangaza, kwamba Fizi watamcheka mpaka azeeke. Atawaambia nini?

"Nitabaambia yenye nilifanya," Nadège akasema. "Batacheka, bacheke. Kule bananijua, siwezi kubaletea barua."

Injini ikawashwa. Jacques akaacha kupunga mkono. Mwalimu alibaki na bahasha akiitazama upande huu na upande ule, na Nadège hakumuaga. Alijitwika sanduku, akapanda hadi barabarani kwenye pikipiki za Fizi. Hasira yake ilikuwa bado ipo yote, hakuna hata chembe iliyopungua, na sehemu kubwa ilikuwa juu yake mwenyewe. Alipanda nayo.